Safari Moja au Mbili? Haki za Abiria Mruko Unapofutwa au Ndege ya Kuunganisha Inapokosekana

Na ichukuliwe kwamba abiria amekata tiketi moja jijini Dar es Salaam ya kwenda Frankfurt na kurudi, kupitia Doha, kwa ndege za shirika ambalo si la Ulaya. Siku ya kwenda, ndege ya Dar es Salaam inachelewa kuondoka kwa hitilafu ya kiufundi, ndege ya kuunganisha ya Doha inamwacha, na abiria anafika Frankfurt akiwa amechelewa kwa muda wa saa 9. Wiki tatu baadaye, siku ya kurudi, mambo yanajirudia kinyumenyume: ndege ya Frankfurt inachelewa kwa hitilafu ya aina ileile, ndege ya Doha inamwacha tena, naye anafika Dar es Salaam akiwa amechelewa kwa muda uleule wa saa 9. Shirika ni lilelile, tiketi ni ileile na usumbufu ni uleule. Hata hivyo, kwa ucheleweshaji wa pili abiria huyu ana haki ya kulipwa euro 600 bila kuthibitisha hasara yoyote. Kwa ule wa kwanza hana haki ya senti moja mpaka athibitishe, kwa stakabadhi na ushahidi, kwamba amepata hasara.

Tofauti hiyo haitokani na upendeleo wa shirika wala uzembe wa abiria. Inatokana na namna sheria inavyojibu swali linaloonekana jepesi: safari ni nini, inaanzia wapi na inaishia wapi? Makala haya yanafafanua majibu ya mifumo miwili ya sheria inayomgusa zaidi abiria anayesafiri kati ya Afrika Mashariki na Ulaya, yaani Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 na Kanuni Na. 261/2004 ya Umoja wa Ulaya. Hoja inayojengwa ni kwamba haki za abiria zinaamuliwa zaidi na jibu la swali hilo kuliko urefu wa ucheleweshaji au ukubwa wa kosa.

Ugumu mmoja wa istilahi unafaa kuondolewa mapema. Katika Kiswahili neno safari hubeba maana mbili ambazo sheria inazitenganisha: mwendo wote wa msafiri tangu anapotoka hadi anapofika, na ndege moja kuruka kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Katika makala haya, maana ya pili itaitwa mruko, na neno safari litabaki na maana ya kwanza. Mgogoro mkubwa katika hukumu zitakazojadiliwa umekuwa juu ya mstari unaotenganisha maneno hayo mawili.

Msingi wa kimataifa: Mkataba wa Montreal

Mkataba wa Montreal, ulioanza kutumika tarehe 4 Novemba 2003 ukichukua nafasi ya mfumo uliojengwa juu ya Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, ndio unaotawala uchukuzi wa kimataifa wa abiria, mizigo na shehena kwa ndege. Tanzania na Kenya ni wanachama, kama zilivyo Qatar, Ujerumani na nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo safari ya mfano iliyotajwa hapo juu inaangukia ndani ya Mkataba huo, kwenda na kurudi.

Ibara ya 19 ya Mkataba inamwajibisha mchukuzi kwa hasara inayosababishwa na ucheleweshaji. Abiria halazimiki kuthibitisha uzembe; ni mchukuzi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba yeye na watumishi wake walichukua hatua zote ambazo kwa busara zingetarajiwa kuzuia hasara hiyo, au kwamba haikuwezekana kuzichukua. Hadi hapo Mkataba unaonekana kuwa rafiki wa abiria. Ugumu uko katika neno hasara. Mkataba haulipi muda uliopotea kama muda. Unalipa kilichopotea kwa sababu ya muda huo: chumba cha hoteli kilicholipiwa bila kutumika, tiketi mpya iliyonunuliwa, ujira wa siku ambayo mfanyakazi hakufika kazini. Uchovu, hasira na usiku uliokesha juu ya benchi la uwanja wa ndege, ingawa ndivyo vinavyokumbukwa zaidi, kwa kawaida havipimwi kwa fedha chini ya ibara hii. Ibara ya 29 nayo inafunga mlango wa fidia ya kuadhibu.

Ukomo wa fidia ya ucheleweshaji kwa kila abiria hupimwa kwa SDR, kipimo cha thamani kinachotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mkataba ulianza na SDR 4,150. Kiwango hicho kimepandishwa mara kadhaa kufuatana na mfumuko wa bei, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 kimekuwa SDR 6,303, kiasi kinachozidi dola 8,000 za Marekani. Huo ni ukomo wa juu tu. Abiria aliyechelewa kwa muda wa saa 9 lakini akapokewa na ndugu zake na kulala kwao anaweza kumaliza kesi yake bila kupata chochote, kwa sababu hakuna alichopoteza kinachohesabika.

Jambo jingine ambalo Mkataba umeliacha wazi ni mruko uliofutwa kabisa. Ibara ya 19 inataja ucheleweshaji. Haitaji kutotekelezwa kwa mkataba. Chini ya mfumo wa Warsaw, mahakama kadhaa, ikiwamo Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba nchini Marekani katika shauri la Wolgel dhidi ya Mexicana Airlines la mwaka 1987, zilitofautisha mambo hayo mawili: mchukuzi aliyechelewa kumfikisha abiria anawajibika chini ya mkataba wa kimataifa, lakini yule ambaye hakumchukua kabisa anawajibika chini ya sheria ya kawaida ya mikataba ya nchi husika. Kwa Tanzania, njia hiyo inampeleka mdai kwenye kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinachotoa fidia kwa hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji wa mkataba. Matokeo ya tofauti hii yataonekana baadaye, linapojadiliwa suala la ukomo wa muda wa kufungua shauri.

Kanuni ya Ulaya

Kanuni Na. 261/2004, iliyopitishwa Februari 2004 na kuanza kutumika tarehe 17 Februari 2005, inatazama jambo lilelile kwa jicho tofauti kabisa. Inaanza na kero inayowapata abiria wote kwa usawa, na kuipangia nafuu ya papo hapo na kiasi maalumu cha fedha, bila kujali hasara ya abiria mmojammoja.

Mruko unapofutwa, abiria ana haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli ndani ya siku 7 na kupelekwa aendako kwa njia nyingine. Akiwa anasubiri njia hiyo, mchukuzi anapaswa kumpa chakula na vinywaji vinavyolingana na muda wa kusubiri, malazi ikibidi kulala, usafiri wa kwenda na kutoka hotelini, na nafasi ya kuwasiliana na watu wake. Juu ya hayo iko fidia: euro 250 kwa umbali usiozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa miruko ya ndani ya Umoja inayozidi hapo na kwa mingine iliyo kati ya kilomita 1,500 na 3,500, na euro 600 kwa umbali unaozidi hapo. Fidia haidaiwi ikiwa abiria alipewa taarifa angalau wiki mbili kabla, au mchukuzi akithibitisha kwamba mruko ulifutwa kwa sababu ya mazingira yasiyo ya kawaida ambayo yasingeepukika hata kama hatua zote za busara zingechukuliwa.

Maneno hayo, mazingira yasiyo ya kawaida, yamezaa mashauri mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Kanuni. Hukumu ya msingi ni ya Wallentin-Hermann dhidi ya Alitalia ya tarehe 22 Desemba 2008, na mazingira yake yanafaa kusimuliwa kwa sababu yanaunganisha matatizo yote mawili yanayojadiliwa hapa. Familia moja ilikuwa na tiketi ya kutoka Vienna kwenda Brindisi kupitia Rome. Dakika 5 kabla ya muda wa kuondoka ilielezwa kwamba mruko umefutwa kwa sababu ya hitilafu ya injini, iliyokuwa imegunduliwa usiku uliotangulia. Ikahamishiwa ndege ya shirika jingine na kufika Rome dakika 20 baada ya ndege ya Brindisi kuondoka. Alitalia ilijitetea kwamba hitilafu ya injini ni jambo lisilo la kawaida. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya haikukubali: hitilafu za kiufundi ni sehemu ya shughuli za kila siku za shirika la ndege, na haziwi udhuru isipokuwa zitokane na matukio ambayo kwa asili yako nje ya shughuli hizo na nje ya uwezo wa shirika, kama vile kasoro ya siri ya kiwandani au hujuma.

Msimamo huo umerudiwa na kuimarishwa. Katika shauri la van der Lans dhidi ya KLM la tarehe 17 Septemba 2015, lililohusu mruko wa kutoka Quito kwenda Amsterdam uliofika ukiwa umechelewa kwa muda wa saa 29, hata kuharibika ghafla kwa vipuri ambavyo muda wake wa matumizi ulikuwa haujaisha hakukukubaliwa kuwa udhuru. Shauri hili lina umuhimu wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Quito haiko Ulaya. Kanuni ilitumika kwa sababu mruko ulikuwa unaelekea Ulaya na mchukuzi alikuwa wa Ulaya. Abiria anayeruka na shirika hilohilo kutoka Dar es Salaam au Nairobi yuko katika nafasi ileile kisheria.

Hata pale udhuru unapokubaliwa, unafuta fidia peke yake. Majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull yalipofunga anga la Ulaya mwezi Aprili 2010, abiria McDonagh alikwama Faro, nchini Ureno, kwa karibu wiki nzima, na akadai takribani euro 1,130 alizotumia kwa chakula na malazi. Ryanair ilisema janga la kiwango kile linavuka hata mazingira yasiyo ya kawaida. Hukumu ya tarehe 31 Januari 2013 ilieleza kwamba hakuna daraja la juu zaidi ya hilo: fidia haidaiwi, lakini wajibu wa kumtunza abiria unabaki, bila ukomo wa siku wala wa fedha, mradi gharama alizotumia zilikuwa za lazima na za kadiri. Wengi wanaokwama viwanjani hawaijui tofauti hii, na mhudumu wa kaunta anayetamka maneno "hali ya hewa" mara nyingi humfanya abiria aondoke akidhani kwamba amepoteza kila haki.

Kutoka kufutwa hadi kuchelewa, kutoka mruko hadi safari

Maandishi ya Kanuni hayasemi popote kwamba abiria aliyecheleweshwa analipwa euro 250, 400 au 600. Fidia hiyo imetajwa kwa mruko uliofutwa na kwa abiria aliyenyimwa nafasi. Ilikuwa kazi ya Mahakama, katika shauri la Sturgeon dhidi ya Condor la tarehe 19 Novemba 2009, kuipeleka kwa aliyechelewa kwa muda wa saa 3 au zaidi. Hoja yake ilikuwa ya usawa: abiria ambaye mruko wake umefutwa akapewa mwingine hupoteza muda, aliyecheleweshwa hupoteza muda uleule, hakuna sababu ya kumlipa mmoja na kumnyima mwenzake. Mashirika ya ndege yaliipinga kwa nguvu, yakidai kwamba Mahakama imejifanya bunge. Katika shauri la Nelson dhidi ya Lufthansa la tarehe 23 Oktoba 2012, Mahakama ilishikilia msimamo wake. Lawama ya mashirika haikukosa msingi kabisa, kwani ni vigumu kusoma ibara ya 6 ya Kanuni, inayohusu ucheleweshaji, na kuikuta fidia ndani yake. Lakini bila Sturgeon, njia rahisi ya kukwepa Kanuni ingekuwa kuuita kila mruko uliofutwa kuwa umechelewa tu.

Kigezo cha saa 3 kikishawekwa, swali linalofuata ni: zinahesabiwa wapi? Kwa dakika chache fedha yote inaweza kupatikana au kupotea. Mwaka 2014, katika shauri la Germanwings dhidi ya Henning, magurudumu ya ndege yaligusa ardhi ya uwanja wa Köln/Bonn ikiwa imechelewa kwa saa 2 na dakika 58, na ikasimama mahali pake ikiwa imechelewa kwa saa 3 na dakika 3. Mahakama iliamua kwamba kufika ni pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa, kwa sababu hadi hapo abiria bado amefungiwa katika nafasi ambamo hawezi kuendelea na shughuli zake.

Jibu lenye uzito zaidi lilitolewa katika shauri la Air France dhidi ya Folkerts, tarehe 26 Februari 2013. Abiria alikuwa na tiketi moja kutoka Bremen kwenda Asunción, Paraguay, kupitia Paris na São Paulo. Ndege ya Bremen ilichelewa kwa takribani saa 2 na nusu, muda usiofikia kigezo. Ndege ya Paris ikamwacha, kisha ya São Paulo, na akafika Asunción akiwa amechelewa kwa muda wa saa 11. Mahakama ilisema kinachopimwa ni ucheleweshaji katika kituo cha mwisho cha safari. Uliotokea mwanzoni hauna maana. Kwa kauli hiyo, ndege ya kuunganisha iliyokosekana ilihesabiwa kuwa sehemu ya kosa la mruko wa kwanza, hata kama mruko wa pili uliondoka kwa wakati wake bila lawama yoyote.

Hatua iliyofuata ilivuka mipaka ya Ulaya. Katika shauri la Wegener dhidi ya Royal Air Maroc la tarehe 31 Mei 2018, abiria alitoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca, na tatizo lilitokea Casablanca, ambako nafasi yake ilikuwa imepewa mtu mwingine. Shirika si la Ulaya, uwanja si wa Ulaya, na kituo cha mwisho si cha Ulaya. Hata hivyo miruko yote miwili ilikuwa chini ya tiketi moja, na kwa hiyo ilihesabiwa kuwa kitu kimoja kinachoanzia Berlin. Mwaka mmoja baadaye, katika shauri la České aerolinie, shirika la Prague lililoendesha mruko wa kwanza kwa wakati hadi Abu Dhabi lilitakiwa kulipa fidia kwa kuchelewa kwa mruko wa pili wa kwenda Bangkok, ulioendeshwa na Etihad. Nchini Uingereza, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imefikia matokeo yanayofanana mwaka 2017 katika shauri la Gahan dhidi ya Emirates, kwa abiria wa kutoka Manchester kwenda Sydney kupitia Dubai. Baada ya kujitoa katika Umoja, Uingereza imeibakiza Kanuni ndani ya sheria yake, fidia ikiwa paundi 220, 350 na 520.

Hapo ndipo linapopatikana jibu la sehemu ya pili ya mfano wa mwanzo. Frankfurt kwenda Dar es Salaam kupitia Doha ni mnyororo mmoja unaoanzia Ulaya. Haijalishi kwamba aliyemwacha abiria ni ndege ya Doha.

Kwenda na kurudi

Kwa nini basi tiketi hiyohiyo moja isiufanye upande wa Dar es Salaam kuwa sehemu ya mnyororo huo? Swali hili lilifika mahakamani kwa sura iliyogeuzwa. Bwana Schenkel alikata nchini Ujerumani tiketi ya Emirates ya kwenda Manila na kurudi, kutoka Düsseldorf kupitia Dubai. Mruko wa kurudi kutoka Manila, wa tarehe 12 Machi 2006, ulifutwa, naye akafika nyumbani siku mbili baadaye. Alidai kwamba kwenda na kurudi ni mruko mmoja ulioanzia Düsseldorf, kwa hiyo Kanuni inamlinda hata akiwa Manila. Tarehe 10 Julai 2008 Mahakama ilikataa. Mruko, ilieleza, ni tendo la uchukuzi lenye njia iliyopangwa na mchukuzi. Kurudi ni tendo jingine lenye njia nyingine, na kukatwa kwa tiketi kwa pamoja hakubadilishi hali hiyo.

Ukizisoma Schenkel na Wegener kwa pamoja, utaona kwamba tiketi moja inaunganisha miruko inayofuatana kuelekea upande mmoja, lakini haiunganishi kwenda na kurudi. Mantiki yake inaeleweka: Mahakama ilitaka kuzuia Kanuni isimfuate abiria duniani kote kwa sababu tu alianzia Ulaya. Gharama yake, hata hivyo, inamwangukia zaidi msafiri wa Kusini. Akitoka kwao kwa shirika lisilo la Ulaya hana ulinzi. Akitoka Ulaya analindwa. Na kwa kuwa wengi wa wanaotoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya huanza na kumaliza safari zao nyumbani, nusu ya kila safari yao iko nje ya ulinzi huo.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba Mkataba wa Montreal unajibu swali hilohilo kinyume kabisa. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika shauri la Grein dhidi ya Imperial Airways la mwaka 1936, lililohusu tiketi ya London, Antwerp na kurudi London chini ya Mkataba wa Warsaw, imekubalika kwamba tiketi ya kwenda na kurudi ni uchukuzi mmoja, na kwamba mahali pa mwisho pa uchukuzi huo ni pale ulipoanzia. Antwerp ni kituo cha njiani tu. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Montreal inamruhusu mdai kufungua shauri, pamoja na mahali pengine, katika mahakama ya mahali pa mwisho pa uchukuzi. Kwa hiyo abiria wa mfano, aliyechelewa kufika Frankfurt, anaweza kulishtaki shirika hilo katika mahakama ya Tanzania hata kama lina makao yake Ghuba, kwa sababu kwa jicho la Mkataba yeye alikuwa akielekea Dar es Salaam muda wote. Sheria ya Ulaya inampa fedha bila ushahidi wa hasara lakini inaigawa safari yake. Ya kimataifa inaiacha safari nzima na kumletea mahakama karibu na nyumbani, lakini inamtaka aje na stakabadhi.

Pale tiketi inapokuwa mbili

Yote yaliyosemwa juu ya kuunganisha yanategemea kuwapo kwa tiketi moja. Mfano wa kawaida wa pwani ni wa msafiri anayeruka kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam kwa ndege ndogo, tiketi yake mbali, kisha anaingia ndege ya kimataifa kwa tiketi nyingine aliyoinunua mtandaoni. Ndege ndogo ikichelewa na kubwa ikamwacha, shirika la ndege kubwa halidaiwi chochote, kwani liliondoka kwa wakati na abiria hakuwapo. Shirika la ndege ndogo nalo lilimwahidi kumfikisha Dar es Salaam tu. Na kwa kuwa mruko huo ulianza na kuisha ndani ya nchi moja, Mkataba wa Montreal kwa nguvu zake wenyewe haumhusu. Mkataba unaweza kuihesabu miruko ya wachukuzi tofauti kuwa uchukuzi mmoja, lakini kwa sharti kwamba pande husika ziliichukulia hivyo tangu mwanzo. Shirika la ndege ndogo ambalo halikujua lolote kuhusu tiketi ya pili haliwezi kusemwa kuwa liliichukulia hivyo. Aliyevuka kwa boti yuko katika hali hiyohiyo, ila yeye hata katika sheria ya anga hayumo.

Wakala wa tiketi anaweza kuibadilisha picha hii. Tarehe 6 Oktoba 2022, katika shauri la flightright dhidi ya American Airlines, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba miruko ya kutoka Stuttgart hadi Kansas City, iliyoendeshwa na mashirika yasiyo na uhusiano wa kisheria kati yao, ilikuwa safari moja ya kuunganisha kwa sababu wakala aliiunganisha, akatoza bei moja na kutoa tiketi moja. Kinachotazamwa ni ahadi aliyouziwa abiria. Makubaliano ya mashirika wao kwa wao hayamhusu.

Tahadhari moja inahitajika kwa wanaosafiri na mashirika yenye ushirikiano wa kuuziana nafasi. Pale Kanuni inapomfuata mchukuzi wa Ulaya anayetoka nje ya Ulaya, inamtazama mwendeshaji wa ndege. Namba ya mruko iliyochapishwa kwenye tiketi haitoshi. Abiria mwenye tiketi yenye alama ya shirika la Ulaya, akipanda Nairobi ndege inayoendeshwa na shirika la Afrika Mashariki, amenunua jina ambalo halimpi ulinzi wa Kanuni.

Muda wa kudai

Kanuni ya Ulaya haikuweka ukomo wa muda wa kufungua shauri. Katika shauri la Cuadrench Moré dhidi ya KLM la tarehe 22 Novemba 2012 ilithibitishwa kwamba ukomo huo unafuata sheria ya kila nchi. Ujerumani ni miaka 3, inayohesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa tukio. Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa bado mwanachama, ni miaka 6. Mkataba wa Montreal ni mkali zaidi. Ibara ya 35 inaizima haki yenyewe baada ya miaka 2 tangu siku ya kufika, au siku ambayo ndege ilipaswa kufika, au siku ambayo uchukuzi ulikoma.

Hapa ndipo tofauti kati ya kuchelewa na kutotekeleza, iliyotajwa awali, inapopata uzito wake. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka 6. Abiria ambaye mruko wake wa Dar es Salaam ulifutwa, akarudishiwa nauli na asipelekwe popote, anaweza kujenga hoja kwamba hakucheleweshwa; hakuchukuliwa kabisa, na hivyo dai lake liko chini ya Sura ya 345 na miaka yake 6. Shirika litajibu kwamba kumpa abiria nafasi kesho yake, hata kama aliikataa, kunaligeuza suala kuwa la ucheleweshaji, na kwamba dai lililofunguliwa mwaka wa tatu limeshakufa. Mahakama itakayoamua italazimika kutazama kilichotokea kaunta saa ile: je, abiria alipewa mruko mwingine au alirudishiwa fedha tu, nani alichagua, na kuna maandishi gani ya uchaguzi huo?